Kidonge cha Kaka na Vipokezi Viwili Viwili

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa mkwezi wa minazi huko Mchinga, kaskazini ya mji wa Lindi, hadi asubuhi moja alipoteleza kwenye mnazi uliolowa umande na kuangukia mgongo. Hakufa, na kwa hilo tunamshukuru Mungu, lakini uti wa mgongo uliumia, na baada ya miezi michache miguu ambayo hakuweza tena kuiamuru ilianza kujiamuru yenyewe. Ukimgusa unyayo kwa kitambaa wakati wa kumwogesha, goti lilinyooka kwa nguvu na kukakamaa kama gogo, kisha kisigino kikaanza kugonga kibao cha kiti, tap, tap, tap, pasipo kukoma, mpaka mtu aushike mguu kwa mikono miwili. "Mguu huu una akili zake," alikuwa akisema. Daktari alimwandikia baclofen, vidonge vidogo vya miligramu 10, na dozi ilipopandishwa taratibu mguu ulianza kutulia.

Siku moja aliniuliza: "Mdogo wangu, wewe si ndiye mwalimu wa dawa? Hiki kidonge kinauambia nini mguu?"

Ninafundisha somo la dawa katika chuo cha afya hapa Mtwara, na nilimpa jibu ambalo nimelitoa darasani kwa miaka mingi, kwamba dawa inashika kipokezi kilichoko juu ya seli ya neva, na kipokezi kinaiambia seli itulie. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Hata hivyo lilinisumbua njia nzima nikirudi Mtwara, kwa sababu picha niliyokuwa nayo kichwani, ile ninayoichora ubaoni kila mwaka, ni ya kipokezi kimoja kilichosimama peke yake kwenye utando wa seli kama mnazi mmoja ufukweni, ilhali kipokezi cha baclofen ndicho hasa kisichoweza kusimama hivyo. Kikiwa kimoja, hakifanyi kazi kabisa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kwa bidii kuhusu jinsi vipokezi vinavyoungana viwili viwili, na ninaandika hapa kwa sababu naamini wanafunzi wangu, na yeyote anayemeza au kumpa mwenzake kidonge, anastahili picha iliyo kamili kuliko ile niliyokuwa nikiichora.

Vipokezi ninavyovizungumzia ni vile vinavyoambatana na protini-G. Kila kimoja ni uzi mrefu wa protini uliopenya utando wa seli mara saba, kama sindano ya mshonaji inavyoingia na kutoka kwenye kitambaa, ncha moja ikibaki nje ya seli na nyingine ndani. Binadamu ana jeni takriban 800 za vipokezi hivi, karibu nusu yake zikiwa za kunusia harufu. Habari za adrenalini hupitia humo, vivyo hivyo za histamini, dopamini na hata za mwanga unaoingia jichoni, na karibu theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa duniani hufanya kazi kwa kuvishika. Kazi ya kipokezi ni kuchukua habari nje na kuikabidhi ndani bila mleta habari mwenyewe kuingia, na anayekabidhiwa ni protini-G, yenye vipande vitatu viitwavyo alfa, beta na gama. Inapokuwa imetulia, alfa huwa imekumbatia molekuli iitwayo GDP. Kipokezi kikishikwa na homoni au dawa yake, umbo lake la ndani hubadilika kidogo, nacho huifanya alfa iiachie GDP na kuchukua GTP, ambayo imejaa tele ndani ya seli. Hapo alfa huachana na wenzake, na kila upande huenda kufanya kazi yake: alfa ya aina moja huchochea kimeng'enya kinachotengeneza AMP ya mzunguko, molekuli inayosambaza habari ndani ya seli, ya aina nyingine hukizuia, na beta na gama, ambazo hubaki zimeshikana, hufungua milango fulani ya utando na kufunga mingine. Baadaye alfa yenyewe huikata GTP ikawa GDP, ikarudi kwa wenzake, na mzunguko ukaanza upya. Waliogundua protini-G, Alfred Gilman na Martin Rodbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1994, na Robert Lefkowitz na Brian Kobilka wakapewa yao mwaka 2012 kwa kazi ya kuvifahamu vipokezi vyenyewe.

Yote hayo nimekuwa nikiyafundisha, na yote yanaweza kuelezwa kwa kipokezi kimoja, protini-G moja na mishale mitatu ya chaki. Kipokezi cha kidonge cha kaka ndicho kilichonivunjia mchoro.

GABA ni kemikali ambayo ubongo na uti wa mgongo huitumia kutuliza neva. Baclofen ilitengenezwa mwaka 1962 kwa kuiiga, na kwa miaka mingi madaktari waliitumia kulegeza misuli iliyokakamaa pasipo mtu yeyote kuwa na jeni ya kipokezi chake mkononi. Kipokezi hicho kilipewa jina la GABA-B mwaka 1981, kwa sababu ya tabia yake, kabla hakijaonekana. Mwaka 1997 watafiti waliokuwa Basel, Uswisi, walifanikiwa kuipata jeni, wakaiingiza kwenye seli za maabara na kungoja kipokezi kifanye kazi. Kilichotokea kiliwashangaza. Protini ilitengenezwa vizuri, nayo iliweza kuishika dawa, lakini ilibaki imenasa ndani ya seli, haikutoka kwenda kwenye utando, ishara yake ilikuwa hafifu mno, na iliishika GABA kwa udhaifu mkubwa kuliko inavyoshikwa kwenye ubongo halisi. Ilikuwa kana kwamba wamepata mlango usio na bawaba.

Mwaka uliofuata, 1998, makundi matatu ya watafiti yalichapisha jibu katika jarida la Nature kwa wakati mmoja. Kuna protini ya pili, ndugu wa ile ya kwanza, na sasa tunaziita GB1 na GB2. Seli ikitengeneza zote mbili pamoja, zinaungana, zinapanda hadi kwenye utando, na kipokezi kinafanya kazi kama kile cha ubongoni. Mgawanyo wa kazi kati yao ndio ulionifanya nisome ukurasa ule mara mbili. GB1 ndiyo inayoshika GABA, au baclofen, na GB2 haishiki kabisa. Upande wa pili, GB2 ndiyo inayoamsha protini-G, na GB1 haiamshi. Kwa hiyo mmoja anasikia na mwingine anasema, na habari inavuka kutoka kwa protini moja kwenda kwa nyingine kabla haijaingia ndani ya seli. Wala hili si jambo la kubahatisha, kwani watafiti waliibadilisha GB1 kidogo ili iweze kutoka yenyewe hadi kwenye utando, na hata ilipofika hapo peke yake haikuweza kutoa ishara.

Ningependa nikae kidogo kwenye namna GB1 inavyozuiwa ndani, kwa sababu ndipo ninapoona ustadi wa hali ya juu. Kwenye mkia wake wa ndani GB1 ina asidi amino nne zinazofuatana, arginini, serini, arginini na arginini, ambazo kwa seli ni kama muhuri unaosema "huyu bado asitoke." Protini zote zinazokwenda kwenye utando hukunjwa kwanza katika sehemu maalumu ya ndani ya seli, na walinzi wa sehemu hiyo wakiuona muhuri ule humrudisha mwenye nao. Mkia wa GB2 nao una umbo linaloweza kujisokota na mkia wa GB1. Mtu aliyekulia Mchinga amewaona wazee wakisokota kamba ya usumba, nyuzi mbili za makumbi zikizungushwa pajani hadi kila moja inauficha upande mmoja wa mwenzake. Ndivyo mikia ile inavyofanya, na zinaposokotana, muhuri unafunikwa, mlinzi hauoni, na jozi inaruhusiwa kupita. Seli haitoi GB1 ambayo haijapata mwenzake, na kwa hiyo hakuna kipokezi kiziwi wala bubu kitakachofika juu.

Sehemu ya nje ya kila mmoja wao ni kubwa, yenye magamba mawili yanayofunguka na kufumba kama chaza. GABA ikiingia kwenye gamba la GB1, gamba linafumba, na kule kufumba kunazivuta zile sehemu saba zinazopenya utando zijipange upya dhidi ya zile za GB2. Picha zilizochapishwa mwaka 2020, zilizopigwa kwa hadubini ya elektroni kwenye sampuli zilizogandishwa kwa baridi kali, zilionyesha kwamba mahali wawili hao wanapogusana hubadilika: wakiwa wametulia wanashikana kwa upande mmoja, na wakiamshwa wanageuka na kugusana kwa upande mwingine, kwenye ya sita kati ya zile sehemu saba za kila mmoja. Mgusano huo wenyewe ni sehemu ya ishara.

Sasa naweza kumjibu kaka. Tangu uti wa mgongo ulipoumia, maagizo ya kutuliza yaliyokuwa yakishuka kutoka ubongoni hayafiki tena sawasawa, na kila mguso au mvuto wa msuli unapeleka habari kwenye uti wa mgongo bila mtu wa kuipunguza makali. Kidonge kinafika kwenye ncha za neva zinazoipeleka habari hiyo, kinakaa kwenye GB1, GB2 inaamsha protini-G, beta na gama zinabana milango ya kalsiamu, na neva isiyopata kalsiamu haimwagi kemikali yake ya kuchokoza. Mahali pengine beta na gama hizohizo zinafungua milango ya potasiamu, na seli inakuwa ngumu kuchokozeka. Kidonge hakisemi na mguu moja kwa moja. Kinaiambia neva ipunguze sauti, na kinalisema hilo kwa kupitia wawili.

Mfano mwingine uko jikoni na chini ya mikorosho. Ukiuma bibo lililoiva, kabla ukakasi wake haujakukamata, ulimi unapata utamu wa sukari, na utamu huo unasikika kwa kipokezi cha jozi, T1R2 akiwa na T1R3. Ladha ile nzito ya mchuzi wa dagaa au pweza nayo inasikika kwa jozi nyingine, T1R1 akiwa na T1R3 yuleyule. Jeni tatu, ladha mbili, kwa sababu mmoja amekubali kuwa mwenzi wa wawili. Kiswahili kinasema bibo tamu na vilevile samaki mtamu, kwa neno moja, na ingawa wazee waliotuachia neno hilo hawakujua lolote kuhusu vipokezi, kila ninapolifundisha hili darasani ninalifurahia. Paka wa nyumbani kwangu, Mikindani, anaweza kupita katikati ya mabibo yaliyotapakaa uani bila hata kuyanusa, lakini kopo la dagaa likifunguliwa anatokea kutoka mtaa wa pili. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba jeni ya T1R2 ya paka imeharibika, na ya chui milia na duma vilevile. T1R3 yake ni nzima. Mwenzi mzima bila mwenzake hawezi kuusikia utamu wa sukari, na paka anaishi bila kuujua. Kuna ndege wadogo sana wa bara la Amerika, wafyonzaji wa nekta, ambao nao hawana T1R2, lakini kwao jozi ya T1R1 na T1R3 ilibadilika kizazi baada ya kizazi hadi ikaweza kuisikia sukari.

Vipokezi vya glutameti, kemikali inayochokoza neva, walio ukoo mmoja na GABA-B, huungana pia, safari hii ndugu wawili wanaofanana waliofungwa pamoja kwa kiungo imara cha salfa. Ni lazima magamba ya wote wawili yafumbe ili ishara iwe kamili, ingawa kwa wakati mmoja ni mmoja tu anayeamsha protini-G.

Ningeishia hapo ningekuwa nimewadanganya wanafunzi kwa upande wa pili, maana ukoo huo ni mdogo. Vipokezi vilivyo vingi zaidi, vya adrenalini, dopamini, histamini na dawa za kundi la mofini, ni vya ukoo mwingine, na huko swali la kuungana limeleta ubishi mrefu ambao naamini kila mwalimu wa dawa anapaswa kuufahamu. Ushahidi mwingi wa mwanzo ulitoka kwenye njia nzuri sana ya kupima ukaribu kwa mwanga. Kuna kiumbe wa baharini wa jamii ya matumbawe laini, Renilla, mwenye kimeng'enya kinachotoa mwanga, na kuna konyeza, yule mnyama laini kama uteute ambaye wavuvi wetu humkwepa kwa kuwasha kwake, ambaye aina yake moja ya bahari ya Pasifiki ina protini inayong'aa kijani; Osamu Shimomura aliitenga mwaka 1962 na kupata Nobel mwaka 2008. Watafiti huunganisha kimeng'enya kwenye kipokezi kimoja na protini ya kijani kwenye kingine. Kama viwili viko mbali, unaona mwanga wa kimeng'enya peke yake. Vikikaribiana kwa chini ya nanomita 10 hivi, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, nguvu inaruka kutoka kwa kimoja hadi kingine na kijani kinawaka. Kwa njia hii, mwaka 2000, ilionyeshwa kwamba vipokezi vya adrenalini vya aina ya beta-2 vinakaribiana ndani ya seli hai.

Udhaifu uko kwenye neno kukaribiana. Seli ikilazimishwa kutengeneza vipokezi vingi kupita kiasi, vinasongamana, na kijani kitawaka hata kama havina uhusiano wowote. Abiria wawili waliobanana kwenye basi la Masasi siku ya mnada wamegusana mabega, lakini huwezi kusema ni mume na mke. Mwaka 2007 watafiti walikichukua kipokezi kimoja cha beta-2, wakakiweka peke yake ndani ya kipande kidogo cha utando chenye nafasi ya kimoja tu, nacho kiliamsha protini-G bila shida. Mwaka 2011 kikundi cha Kobilka kilichapisha umbo la kipokezi hicho kikiwa kimeishika protini-G yake, na pale kulikuwa na kipokezi kimoja na protini-G moja. Kwa hiyo mtoto mwenye pumu anayevuta salbutamol, dawa inayokishika kipokezi cha beta-2, wakati vumbi la salfa linapopulizwa kwenye mikorosho, anafunguliwa kifua na kipokezi ambacho kinaweza kufanya kazi peke yake. Mchoro wangu wa zamani haukuwa na kosa kwa kipokezi hicho. Kosa langu lilikuwa kuuchora kwa vyote.

Lakini kuweza kuwa peke yako si kuwa peke yako daima. Mwaka 2010 watafiti walizifuata molekuli mojamoja za kipokezi kimoja cha asetilikolini, kemikali nyingine ya neva, aina ya M1, zikitembea juu ya seli hai. Wakati wowote ule, takriban asilimia 30 zilikuwa wawili wawili, na kila jozi ilidumu kama nusu sekunde kisha wakaachana na kila mmoja akaenda zake. Nimekaa sana na matokeo hayo. Ndoa ya GB1 na GB2 inafungwa ndani kabla ya safari kuanza. Hawa wengine wanasalimiana njiani tu, na bado haijawa wazi, kwa kila aina, kama salamu hiyo inabadilisha habari inayopelekwa ndani.

Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wawe na subira wanaposoma kwamba kipokezi fulani cha adenosini, kemikali nyingine ya mwilini, huungana na cha dopamini, na kwamba hapo ndipo dawa mpya za ugonjwa wa Parkinson zitakapopatikana. Ni kweli kwamba kwenye seli fulani za ubongo adenosini hupunguza nguvu ya dopamini, na ni kweli kwamba istradefylline, dawa inayokizuia kipokezi hicho cha adenosini kama kahawa inavyofanya, imeidhinishwa kwa wagonjwa hao, Japani mwaka 2013 na Marekani mwaka 2019. Lakini vipokezi viwili vinaweza kupingana ndani ya seli moja bila kugusana hata kidogo, kila kimoja kikisukuma AMP ya mzunguko upande wake. Mimi nataka kuona mambo matatu kabla sijaichora jozi ubaoni: kwamba wawili hao wako pamoja kwenye tishu halisi na si kwenye seli iliyojazwa tu, kwamba wakiwa pamoja wanafanya jambo ambalo hakuna mmoja wao anayelifanya peke yake, na kwamba ukiwatenganisha jambo hilo linakoma. GABA-B imeyatimiza yote matatu. Jozi nyingi zilizotangazwa katika ukoo ule mkubwa bado hazijayatimiza.

Muhula huu nilichora ubaoni michoro mitatu badala ya mmoja. Wa kwanza ni wa wawili waliosokotana mikia. Wa pili ni wa mmoja na protini-G yake. Wa tatu nilishindwa kuuchora kwa chaki, nikawaita wanafunzi wanane watembee mbele ya darasa huku na huku, wakishikana mikono kwa muda wa kufumba na kufumbua kila wanapopishana, na wenzao wahesabu. Mwanafunzi mmoja wa Newala aliuliza kama wale wanaoshikana huchaguana au hupata tu yule aliye karibu. Nilimwambia hilo ndilo swali lenyewe.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mchinga. Baada ya magharibi mke wa kaka alimpa kidonge chake pamoja na maji, kisha akanionyesha mfuko wa dawa ili niuone wingi uliobaki, kwa sababu nimewaeleza kwamba baclofen haikatwi ghafla, na mwaka jana ilipokosekana kwa siku mbili miguu ilirudi na ukali wa kututisha. Tulikaa barazani, nikamsimulia habari za GB1 na GB2, na yeye, aliyesokota kamba za kukwelea tangu ujana wake, alilielewa jambo la mikia haraka kuliko darasa langu. Akaniomba nirudie sehemu ya muhuri. Nilipokuwa nikirudia, shemeji alileta chai, na kaka akaiweka bakuli juu ya goti lake la kulia, akaliachia mkono, akaendelea kusikiliza.